Nyanya ya Nyongeza

Faradji alinunua kwa pua. Watu wengine pale sokoni Gisenyi walinunua kwa macho, na wazungu wachache waliojitokeza walinunua kwa kidole, wakionyesha kutoka mbali kama wanaoogopa kuumwa. Yeye aliliinamia fungu la vitunguu, akavuta pumzi, na kabla muuzaji hajataja bei alikwisha kujua kama vimelala siku moja au tatu, kama vilinyeshewa njiani, kama vimetoka Kanama kwenye udongo mzito au Busasamana kwenye udongo mweusi wa chini ya volkano. Kidole gumba kilikuja baadaye. Alibonyeza nyanya karibu na kikonyo, taratibu, kama mganga anayetafuta mahali panapouma.

Mwaka ule wa 1957 alikuwa na miaka arobaini na miwili, na kwa miaka tisa alikuwa mpishi na mnunuzi wa Madamu Klotilde, mwenye nyumba ya wageni ya vyumba sita karibu na ziwa. Babu yake alifika kutoka Ujiji akifuata biashara ya chumvi. Baba yake alikuwa fundi cherehani kule kwa Waswahili, mtaa wa nyumba zilizobanana nyuma ya soko. Faradji mwenyewe alijifunza kupika Usumbura, jikoni kwa afisa mmoja wa forodha aliyekuwa akionja mchuzi kisha anautema. Alirudi Gisenyi na kisu kizuri, na kitabu cha kazi ambacho wote walikiita buku.

Buku ile ilikuwa ndogo, ya jalada la kijivu, na kila mwajiri aliandika ndani yake maneno yake. Faradji alisoma Kurani chuoni na aliweza kuandika jina lake kwa herufi za Kiarabu, lakini Kifaransa cha buku hakukijua. Alijua tu kwamba hakuna neno baya. Neno moja baya humo, neno mwizi kwa mfano, na milango yote ya barabara ya ziwani ingefungwa kwa siku moja. Na mtu asiye na kazi hakuachwa akae mjini muda mrefu. Aliwahi kumwona jirani yake Sibomana akifunga virago kwa neno kama hilo. Mke wa Sibomana alibeba sufuria, Sibomana alibeba kitanda, na hakuna aliyetoka nje kuwaaga.

Soko nalo lilikuwa na sheria yake, isiyoandikwa popote. Bei ilipiganiwa kwanza, kwa maneno makali na vicheko. Ikishakubaliwa na faranga zikishapokelewa, mnunuzi wa siku zote alinyoosha mkono wake mwenyewe na kuchukua kimoja cha juu, nyanya moja, karoti moja, kijifungu cha majani ya seleri. Hakuomba. Kuomba kungekuwa kumwambia muuzaji kwamba amesahau adabu. Muuzaji naye aligeuza uso pembeni akajifanya anafukuza inzi, ili mkono ule uwe huru. Hiyo ndiyo nyongeza. Na nyongeza haikuwa ya mwenye pesa. Ilikuwa ya mwenye kikapu. Wapishi wote wa barabara ya ziwani walilijua hilo. Mali ya tajiri ilikaa chini, nyongeza ilikaa juu, na jioni nyongeza ilikwenda nyumbani kwa mpishi. Watoto wanne wa Faradji walikuwa wamekulia nyongeza. Haikuwa siri. Ila hakuna aliyewahi kumweleza mzungu, kwa kuwa hakuna mzungu aliyewahi kuuliza.

Siku ya Ijumaa, mwezi wa mvua ndogo, Madamu Klotilde alimkuta jikoni asubuhi akikung'uta kikapu.

"Faradji, leo wewe hapana kwenda soko," alisema kwa Kiswahili chake cha jikoni. "Wewe nakwenda duka mupya ya Bwana Kosta."

"Madamu, Mukarugwiza ameniwekea nyanya. Nilimwambia tangu Jumatano."

"Nyanya ya soko nalala chini. Mbuzi napita juu yake. Wageni yangu naumwa tumbo." Alimpa kipande cha karatasi chenye sahihi yake. "Hii njo bon. Wewe hapana lipa. Kila kitu iko ndani."

Faradji akaikunja ile karatasi, akaiweka ndani ya buku, na buku akaiweka mfuko wa kifuani.

Njia ya kwenda dukani ilipita kando ya soko. Wingu lilikuwa limelala juu ya Nyiragongo, na moshi wa mlima ulichanganyika nalo hata usijue kipi ni kipi. Faradji alizunguka nyuma, kwenye miti ya mikaratusi, akipiga hatua fupi za mtu anayetembea juu ya mawe makali. Alikuwa karibu kufika upande wa pili aliposikia sauti aliyoijua.

"Baba Zaituni! Iko nini huko nyuma? Umepoteza mbuzi?"

Wanawake wakacheka. Mukarugwiza alikuwa amekaa mahali pake pa siku zote, pembeni, miguu imenyooshwa, nyanya mbele yake zimepangwa mnara. Alikuwa mjane wa Kanama, mkubwa kwa Faradji kwa miaka michache, mwenye shingo fupi iliyokazwa na mizigo.

"Nitarudi, Mama Épiphanie," alisema Faradji.

"Utarudi? Kikapu iko mukononi na miguu inakimbia. Nyanya hizi mi nimezibeba tangu Kanama, jogoo hajawika. Kama unasema ni uongo, uliza hii kichwa yangu."

"Nimesema nitarudi."

"Yewe. Anatembea kama mutu mwenye kwenda kuzika."

Hakumwambia aendako. Baadaye, kila alipoikumbuka siku ile, alianzia hapo: kwamba alikuwa na neno moja la kweli la kumwambia mwanamke aliyemwamini, na akaona haya kulitoa mbele ya wenzake.

Duka la Bwana Kosta, Mgiriki, lilikuwa na mlango wa mbele wa wazungu na dirisha la ubavuni la watu weusi, lakini mpishi mwenye bon aliruhusiwa kuingia kwa mlango wa nyuma, kofia mkononi. Ndani kulikuwa na baridi. Kabati kubwa la kioo lilinguruma kama paka, na ndani yake mboga zimepangwa kwa mistari, karoti na karoti, puaro na puaro, vile vitunguu virefu vya majani, zimeoshwa hata mizizi, hazina chembe ya udongo. Kwenye meza ya mbele kulikuwa na lundo la nyanya zilizofika asubuhi ile kutoka shamba la mzungu upande wa Goma, zingali zinangoja kuingizwa kabatini. Faradji alivuta pumzi. Hakusikia kitu. Ilikuwa kama kuingia chumba chenye watu wengi na kukuta wote hawasemi.

Nyuma ya meza alisimama Kayitare, kijana wa Kanama aliyesoma kwa mapadri, koti jeupe, kalamu sikioni. Mama yake aliuza njegere pale pale sokoni. Faradji alimjua tangu akiwa mgongoni.

"Karibu muzee Faradji," alisema Kayitare kwa sauti ya chini. "Usiguse kioo. Bwana iko kwa kasa, anahesabu pesa."

Kayitare alisoma bon na kuchagua mwenyewe. Faradji alisimama na mikono mitupu. Aliiona puaro yenye moyo mgumu ikiingia mzanini, akataka kusema si hiyo. Kisha Kayitare akapima karoti. Sindano ya mzani ilipita kidogo alama ya kilo mbili. Kayitare akachukua karoti moja, akairudisha kabatini, na sindano ikatulia.

Faradji alitazama ule mkono. Miaka yote ya kununua kwake alikuwa ameona mikono ikiongeza. Hakuwa ameona mkono wa muuzaji ukiondoa.

"Kilo mbili, mbili kamili," alisema Kayitare, kama anayeomba radhi.

Zikafuata nyanya, kabichi, vitunguu. Kila kitu kikaandikwa, kikapu kikajaa, Kayitare akagonga muhuri juu ya bon. Biashara ilikuwa imekwisha. Na Faradji, akili yake ingali kwenye ile karoti iliyorudishwa, akasema kama alivyosema kila siku ya soko kwa miaka tisa, "Haya, tutaonana," akanyoosha mkono wake wa kulia kwenye lile lundo la nyanya mezani, akachukua moja ya juu, akaiweka kileleni mwa kikapu.

Alikuwa amekwisha geuka aliposhikwa kifundo cha mkono.

Mgiriki alikuwa mtu mnene asiyekuwa na kelele. Hakumpiga. Alimshika tu, akaitoa nyanya kikapuni akaiweka mezani, akamtazama usoni, kisha akamtazama mama mmoja wa kizungu aliyesimama karibu na mikebe ya siagi, kama kumwambia awe shahidi.

"Mwizi," alisema.

Faradji alifungua mdomo. Lile neno lilikuwa limekaa pale chumbani, kwenye baridi ile.

"Hapana Bwana. Ile ni nyongeza."

"Ni nini?"

"Nyongeza. Mutu akinunua vingi, anachukua moja. Ni desturi." Akamgeukia Kayitare. "Mwambie, mwanangu."

Kayitare alikuwa ameshika kalamu kwa mikono miwili. Mama yake aliuza njegere miaka ishirini. Yeye mwenyewe, mtoto mdogo, alikuwa amekaa chini ya kitambaa cha mama sokoni, akiona mikono inakuja na kuchukua kijifungu cha juu, na mama yake akigeuza uso.

"Unajua hiyo desturi?" Mgiriki alimwuliza.

"Mimi nilikuwa shuleni, Bwana," alisema Kayitare. "Sijui mambo ya sokoni."

Mgiriki alinyoosha kiganja. "Buku."

Faradji aliitoa kifuani. Ilikuwa na joto la mwili wake. Mgiriki akaifungua, akapindua kurasa kwa kidole kilicholoweshwa mate, akaifunga, akaiweka juu ya kasa kando ya wino. Akamtuma Kayitare akamwite Madamu. Akasema kwamba kuandika ni kazi ya mwajiri, na polisi watakuja baada ya kuandika, na Faradji asimame pale pale.

Alisimama. Kabati lilinguruma. Wateja waliingia na kutoka, na kila mmoja alitazama kwanza kikapu chini, kisha nyanya mezani, kisha yeye. Aliitazama buku yake kando ya wino. Alimwona Sibomana na kitanda kichwani. Akaanza kufikiri, na kila alichofikiri kilikuwa kibaya kuliko kilichotangulia.

Kwa maana aliona kwamba njia zote mbili zilifika pale pale. Asipoieleza nyongeza, yeye ni mwizi wa nyanya moja. Akiieleza, na Madamu akaelewa, Madamu si mjinga. Atauliza nyongeza za miaka tisa zilikwenda wapi. Hakuwa ameziiba. Alikuwa tayari kuapa kwa msahafu kwamba hakuziiba. Lakini alijaribu kulisema jambo lile kimoyomoyo kwa Kiswahili cha jikoni, kile Madamu alichokielewa, na kila alipolisema lilitoka likiwa na sura ya wizi.

Madamu Klotilde alikuja na gari, kofia ya majani kichwani, midomo imebana. Mgiriki alimweleza kwa Kifaransa. Alisikiliza bila kumtazama Faradji. Halafu akageuka.

"Wewe nakamata nyanya hii?"

"Ndiyo, Madamu."

"Kwa nini?"

Angeweza kusema njaa. Angeweza kusema iliangukia kikapuni. Hata sasa aliona kwamba uongo mdogo ungekuwa mwepesi kubeba.

"Ni nyongeza, Madamu. Sokoni kila siku iko hivyo. Mukono ilizoea. Ilikwenda yenyewe."

Mgiriki alicheka puani. Madamu hakucheka. Alikuwa mwanamke aliyeishi kwa kupima maneno ya wageni wanaodai kwamba shuka zilikuwa na unyevu.

"Bon," alisema. "Tunakwenda ku soko. Mimi nanunua. Wewe nabeba kikapu, nafunga mudomo. Neno moja hapana. Kama wanapa mimi hii nyongeza, mimi naamini. Kama hapana, Bwana Kosta naita polisi."

Buku ilibaki kando ya wino.

Kikapu kilikuwa kimemwagwa kikawa kitupu. Garini alikipakata magotini. Kutoka dukani hadi sokoni hapakuwa mbali, na alitamani pawe mbali zaidi. Alijua kitu ambacho Madamu hakukijua: nyongeza hapewi mtu asiyejulikana. Hupewa anayetegemewa kurudi. Mzungu anayelipa bei ya kwanza na kuondoka hakuwahi kupewa hata ganda la kitunguu, na hakuna aliyeona vibaya.

Walipoingia, soko lilipunguza sauti. Wauzaji waliketi sawasawa. Madamu alitembea kati ya mafungu akishika sketi yake, na Faradji nyuma yake, kikapu mkononi, macho chini. Hakumwongoza, lakini Madamu alikuwa amelisikia jina asubuhi ile.

"Mukarugwiza iko wapi?"

Vidole kumi vikaonyesha. Mukarugwiza hakuinuka. Mnara wa nyanya ulikuwa bado mzima. Hakuwa ameuza hata moja, kwa kuwa zilikuwa za mtu. Jua la saa tano lilikuwa limekwisha zifikia, na zile za upande wa mashariki zilianza kulegea ngozi. Faradji aliziona kabla ya kitu kingine.

"Bei gani?" aliuliza Madamu.

Mukarugwiza alimtazama Faradji, akangoja. Kwa kawaida hapo ndipo vita vilipoanza. Faradji alifunga mdomo. Basi Mukarugwiza, kwa hasira, akataja bei mara mbili ya ile ya siku zote, bei ya kufukuza mtu.

Madamu akafungua mkoba, akalipa.

Pale pembeni mwanamke mmoja alikohoa. Mukarugwiza alizishika zile faranga kiganjani kana kwamba zina joto. Akaanza kuhesabu nyanya kikapuni, tano tano, bila kumtazama yeyote, na zilipokwisha zile za kununuliwa alibaki na chache mbele yake, kubwa, zile anazozipanga juu. Akakunja mikono.

Madamu alisubiri. Faradji alitaka mkono wake wa kulia unyooke wenyewe kama asubuhi, lakini mkono ulikuwa umekufa kwenye mpini wa kikapu.

"Unaona," Madamu alisema polepole. "Hakuna."

Akageuka kuondoka.

"Baba Zaituni," aliita Mukarugwiza.

Faradji alisimama. Madamu naye.

"Leo umekula ulimi? Asubuhi unapita nyuma ya miti. Sasa unaleta muzungu akulipie, na wewe unasimama kama mulingoti. Mi nimekukosea nini?"

Faradji aliinamisha macho kwenye kikapu.

"Anaona mi si mutu wa kujibiwa," Mukarugwiza aliwaambia wenzake. "Miaka tisa ananiita mwizi, ananiita eti nauza maji, leo hata tusi moja hanipe." Wenzake walicheka, lakini kicheko hakikufika mbali, kwa kuwa walikuwa wanamwona Faradji usoni. Mukarugwiza naye akamwona. Akazitazama faranga kiganjani, akamtazama mama wa kizungu, akatazama kikapu. Hakujua kilichotokea, lakini alijua kwamba mtu anayebishana vile kila siku hanyamazi bure.

Aliinuka, akashika magoti, akakusanya zile nyanya kubwa zote zilizobaki, nane au tisa, kwenye kitambaa chake. Hakumpa Madamu. Alimpita, akazimimina ndani ya kikapu cha Faradji, juu ya zingine.

"Shika. Nimetaja bei ya ubaya na muzungu wako hakunibishia hata kidogo. Sasa leo nitalala namna gani? Peleka kwa Mama Zaituni. Umwambie puaro ya juzi ilikuwa ya mwisho, mvua imeoza zingine."

Faradji alifumba macho.

Alikuwa ameokoka. Aliusikia mwili wake ukilegea, kama mzigo unaposhushwa. Na katika pumzi ile ile alisikia ukimya wa Madamu ukibadilika.

"Mama Zaituni njo nani?"

"Bibi yangu, Madamu."

"Puaro ya juzi." Alilitamka taratibu, kama mtu anayefungua mlango wa chumba cha nyumba yake mwenyewe na kukuta hakijui. "Puaro ya juzi nakwenda kwa bibi yako?"

"Nyongeza ni ya mwenye kikapu, Madamu. Yako inakaa chini. Haijapungua hata siku moja."

"Kila siku?"

"Kila siku ya soko."

"Miaka tisa."

"Miaka tisa, Madamu."

Mukarugwiza, ambaye sasa alianza kuelewa, aliweka mkono mdomoni. Wingu lilikuwa limeachana na mlima, na moshi ulionekana umesimama wima. Madamu Klotilde alitazama nyanya kikapuni, za chini na za juu, kana kwamba anatafuta mstari unaozitenga. Hapakuwa na mstari. Zilikuwa nyanya.

Dukani hakuchukua muda. Alisema kitu kifupi kwa Kifaransa, Mgiriki akainua mabega, buku ikatoka kando ya wino. Kayitare alikuwa anapanga mikebe na hakugeuka. Polisi hawakuitwa.

Lakini walipofika kwenye lango la nyumba ya wageni, Madamu hakushuka. Alitoa kalamu mkobani, akaifungua buku juu ya usukani, akaandika. Mstari mmoja na nusu. Faradji alitazama ile kalamu ikitembea, na hakuweza kujua. Akarudishiwa wino ukiwa bado mbichi, akaishika wazi mkononi ili isipakae, akapika chakula cha mchana cha watu kumi na wawili huku imesimamishwa juu ya rafu ya chumvi kama picha. Wageni walisifu nyanya. Hakuna aliyeuliza zilitoka wapi.

Alimaliza kazi saa tisa. Nyumbani, mkewe Saidati aliishika ile buku kwa pembe zake.

"Ameandika nini?"

"Sijui."

"Basi mupelekee mutu asome. Utakaa nayo hivi mupaka lini?"

Aliwafikiria watu wanaojua Kifaransa ambao hawangekwenda kuieneza habari. Karani wa mahakama, hapana. Abdu wa posta, hapana kabisa. Mwisho alibaki mmoja tu, na huyo alikuwa na sababu yake ya kunyamaza.

Kayitare alimkuta Faradji akimngojea chini ya ukingo wa barabara ya Nengo, duka lilipofungwa, jua likiwa bado juu ya ziwa. Aliposimama alionekana mdogo bila koti lake jeupe.

"Muzee," alisema. "Ile asubuhi."

"Soma," alisema Faradji.

Kayitare aliipokea. Akasoma kwanza kimya, midomo ikitikisika, na Faradji akatazama midomo ile kama alivyotazama sindano ya mzani.

"Inasema hivi: Mupishi muzuri, mutu musafi. Asitumwe kununua."

"Soma tena."

Akasoma tena, yale yale.

"Hakuna neno mwizi?"

"Hakuna."

"Nionyeshe mahali lisipo."

Kayitare hakucheka. Alipitisha kidole chake chini ya kila neno, moja moja, akilitaja kwa Kifaransa kisha kwa Kiswahili, mpaka nukta ya mwisho. Halafu akamrudishia buku kwa mikono miwili, kama mtoto anavyompa mtu mzima kitu.

"Mama yangu akijua nilivyosema," alianza.

"Mi sitamwambia," alisema Faradji. Akaondoka. Hakuwa amesamehe, ila hakuwa na nguvu ya kubeba na hilo pia.

Kuanzia Jumatatu mboga zilifika jikoni kwa sanduku, zimepimwa. Faradji alizikata kwa kisu chake kizuri. Puaro zilikuwa na moyo mgumu na alizichemsha zaidi. Kikapu kikubwa kilitundikwa nyuma ya mlango, na panya wakaanza kukitafuna ukingoni.

Soko la katikati ya juma alikwenda na kikapu kidogo cha Saidati, asubuhi kabla ya kazi, akanunue kwa pesa yake mwenyewe. Ilikuwa mara ya kwanza kwa miaka tisa. Alihofu njia nzima. Mpishi wa nyumba ya wageni alikuwa mtu. Lakini baba wa watoto wanne anayenunua fungu moja la nyanya alikuwa nani? Angeweza kwenda kwa wengine. Akaenda kwa Mukarugwiza.

Alimkuta amekaa mahali pake. Alikwisha kusikia yote. Gisenyi ni ndogo. Hakumwuliza kitu. Akataja bei.

"We mama," alisema Faradji, na sauti yake ilitoka na kutu. "Hiyo ni bei ya nyanya ama ya shamba?"

"Kama huna, pita nyuma ya miti. Njia unaijua."

"Hizi umeziokota baada ya mbuzi kuzikataa."

"Mbuzi ile ilikusalimia. Inasema muko ndugu."

Wakapigana hivyo mpaka bei ikafika pale ilipokuwa inafika siku zote, na nyanya sita zikaingia kikapuni. Akalipa. Mukarugwiza akageuza uso pembeni, akapunga mkono kufukuza inzi. Asubuhi ile ya baridi hapakuwa na inzi.

Faradji hakunyoosha mkono.

Watu wawili walikuwa wamesimama nyuma yake wakingoja. Mukarugwiza aliendelea kupunga mkono, uso ukiwa upande wa ziwa. Akapunga, akapunga. Mkono wa Faradji wa kulia ulikuwa umeshika mkanda wa suruali yake, na kifundo kilihisi bado vile vidole vinene.

"Baba Zaituni," alisema Mukarugwiza bila kugeuka, "shingo yangu inauma."

Akaunyoosha basi, taratibu, kama mtu anayeupima moto. Akachukua iliyo ndogo kuliko zote, ya pembeni, yenye doa.

Alipigwa kofi juu ya mkono. Nyanya ile ndogo ikaanguka chini.

"Acha hiyo, ni ya mugonjwa," alisema Mukarugwiza, akaweka kikapuni ile ya juu kabisa ya mnara. "Sasa ondoka, watu wanangoja."